Mwongozo kamili: Kuendesha huduma ya kaya zenye uhitaji kwenye jumuiya au usharika wenu, hatua kwa hatua

Huu mwongozo ni wa wale ambao kila Kwaresma na kila Desemba mnachangishana vizuri tu, unga unajaa ofisi ya parokia, wahitaji wanapangwa foleni nje ya kanisa, picha zinapigwa, halafu ikifika mwezi wa pili yule bibi wa nyuma ya kisima analala njaa na hakuna hata anayejua anaitwa nani. Maswali mnayouliza ni yale yale. Watu wanagombana siku ya kugawa, listi imejaa ndugu wa viongozi, nguo hazina wa kuzivaa, michango imekata. Chanzo ni kimoja, mmechangisha kabla ya kujua mnampelekea nani. Hapa tunageuza mpango mzima: nyumba kwanza, hesabu pili, mchango ndo wa tatu.

Nimeandika nikifikiria jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki za mjini, Dar, Mwanza, Dodoma huko, ila usharika wa KKKT (Walutheri) wenye diakonia, yaani huduma kwa wahitaji, au kanisa lolote lenye vikundi vya nyumba kwa nyumba mtaelewana tu, badilisheni majina ya vyeo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Timu ya watu 5 hadi 7, wanaume na wanawake, na angalau kijana mmoja mwenye miguu myepesi.
- Kaunta buku mbili. Moja ya nyumba, moja ya pesa. Zisichanganywe hata siku moja.
- Lipa namba au akaunti yenye jina la parokia, sio namba ya simu ya mhazina.
- Mizani ya kuning'iniza, ile inayofika kilo 50.
- Chumba kikavu chenye chaga au mbao za kuwekea magunia, yasiguse sakafu wala ukuta.
- Mifuko ya kawaida isiyo na maandishi. Ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo chukueni mifuko mbadala au viroba vilivyooshwa.
- Barua fupi ya Paroko au Mchungaji yenye mhuri, ya kumwonyesha mwenyekiti wa mtaa.
- Namba za simu za mjumbe, afisa ustawi wa jamii wa kata na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Na namba 116, ya bure, ya kuripoti mambo ya watoto.
- Fungu la nauli. Dogo, lakini liwepo, maana mtu anayejitolea akianza kutoa nauli mfukoni kila wiki, mwezi wa tatu atakuwa na udhuru kila Jumamosi na wala hutamlaumu.

Mmeona sijaandika unga wala sukari. Bado.

## Hatua ya 1: Chagueni timu, mgawane kazi

Watu wanadhani ugomvi wa kugawa chakula kanisani umeanza juzi. Someni Matendo 6, Kanisa lenyewe bado changa kabisa na wajane wa upande mmoja tayari wanalalamika kwamba wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, na mitume hawakuhubiri kuhusu uvumilivu, walisema chagueni watu saba wenye sifa njema washike hiyo kazi. Fanyeni hivyo hivyo.

Kazi zenyewe ni nne. Wa daftari la nyumba, wa pesa, wa kununua, na wa stoo. Anayeshika pesa asiwe anayenunua, na anayenunua asiwe anayetunza stoo. Sio kwamba hatuaminiani, ila siku maneno yakianza (yataanza tu), kila mmoja awe na mwenzake wa kumtetea kwa karatasi.

Mwenyekiti wa jumuiya anaweza kuwemo ila asishike yote. Mkiwa na WAWATA (akina mama wa Kikatoliki) au UWAKA (akina baba) wenye nguvu pale parokiani chukueni mtu mmoja mmoja kutoka huko, wana uzoefu wa kutembelea wagonjwa na wanajua njia za uchochoroni.

Onyo moja. Kama ni mwaka wa uchaguzi, mtu yeyote mwenye mpango wa kugombea asiwe kwenye timu, na akileta magunia yake yenye fulana juu mshukuruni, magunia yaingie stoo kama ya watu wengine na fulana zirudi nyumbani.

Timu imekaa sawa pale ambapo mtu mmoja akisafiri wiki mbili, kazi inaenda.

## Hatua ya 2: Tengenezeni listi kutoka vyanzo vitatu

Msisimame baada ya matangazo mkasema wenye shida waje kujiandikisha. Wanaokuja ni wenye ujasiri, na mwenye shida kubwa mara nyingi hata kanisani hajafika, ama anaumwa, ama hana nguo ya kuvaa, ama amechoka kuonewa huruma.

Vyanzo ni hivi: jumuiya yenyewe, mjumbe au serikali ya mtaa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kila kimoja kitaje kaya kumi bila kuona listi ya mwenzake. Mwalimu wa shule ya msingi ya jirani anaweza kuwa chanzo cha nne, yeye anawajua watoto wanaokuja bila kunywa hata chai.

Alafu linganisheni. Kaya iliyotajwa na vyanzo viwili au zaidi inaingia moja kwa moja kwenye kutembelewa. Iliyotajwa na kimoja inasubiri kidogo ila haifutwi, maana kuna watu wapya mtaani ambao hawajulikani na mtu zaidi ya mmoja.

Ndugu wa mwanakamati akitajwa, huyo mwanakamati anatoka nje wengine wanaamua. Andikeni kwenye daftari kwamba alitoka.

Na hapa lazima mkubaliane mapema kuhusu dini. Mtaa wa Temeke au Manzese ukiwaruka Waislamu mmeruka watu wengi wa mtaa. Msimamo wangu ni kwamba njaa haina kadi ya ubatizo, na msaada usiwe na sharti la kuja Misa, wala maombi marefu ya kulazimisha sebuleni kwa mtu. Ikiwa ni Ramadhani pelekeni mchana mapema ili mama apate muda wa kuandaa futari. Kama timu haijakubaliana hapo, malizaneni kabla ya kugonga mlango wa kwanza.

Listi hiyo ni siri. Isitumwe kwenye grupu la WhatsApp, isibandikwe ubaoni, isisomwe kwenye matangazo. Kila kaya ipewe namba, na majina yakae kwenye daftari moja linalofungiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, nani anataka jirani yake asome kwamba yeye ni mhitaji namba nne?

## Hatua ya 3: Tembeleeni mikono mitupu

Hii ndo hatua wengi wanairuka, na ndo inayofanya mengine yote yaende.

Nendeni wawili wawili, mwanamke na mwanaume. Kamwe mtu mmoja peke yake, na kamwe usikae ndani na mtoto bila mtu mzima wa nyumba hiyo kuwepo, hata kama ni mtoto unayemfundisha kipaimara. Hiyo inamlinda mtoto na inakulinda na wewe. Muda mzuri ni saa kumi jioni hivi, sio saa saba mchana ambapo mama wa watu ataona aibu hana cha kuwakaribisha. Vaeni kawaida. Sare za chama ziacheni nyumbani, mtaa mzima ukiona vitenge vya kikundi vimesimama mlangoni kwa mtu taarifa imeshafika hadi sokoni.

Hamjabeba kitu kwa sababu mkibeba, mazungumzo yote yanakuwa ya kushukuru. Mtu mwenye mfuko wa unga miguuni hawezi kukuambia kwamba shida yake kubwa ni kodi ya chumba.

Maswali ya kuuliza, kwa mazungumzo, sio kwa fomu:

- Hodi, salamu, habari za hapa. Kaeni kwanza. Kwa mtu mzima ni shikamoo na kusubiri aanze yeye, hata ikichukua dakika kumi za kuongelea mvua.
- Jana mlikula nini, na juzi? Usiulize mnahitaji nini, hilo swali linajibiwa kwa kukisia mfuko wako. Jana mlikula nini linajibiwa na ukweli.
- Hapa mnalala wangapi?
- Mnapikia nini, mkaa, kuni, gesi?
- Kuna anayetumia dawa za kila siku?
- Watoto wanasoma? Yupo aliyeacha?
- Nani huwa anawasaidia mkikwama?

Swali la mkaa linaonekana dogo ila linabadilisha kifurushi chote. Maharage makavu yanakaa jikoni masaa, na kaya isiyo na hela ya mkaa mkiipelekea kilo nne za maharage mmeipelekea mzigo, watayauza nusu bei wapate mkaa. Huyo pelekeeni dagaa wanaoiva haraka, au ongezeni mkaa kwenye kifurushi na mwambieni aloweke maharage usiku kucha. Vivyo hivyo babu asiye na meno hatafuni makande, anahitaji unga wa uji na mchele. Mwenye kisukari msimpelekee kilo mbili za sukari kwa sababu tu kila kifurushi kina sukari. Anayemeza ARV au dawa za TB anahitaji chakula cha uhakika ili aweze kuendelea na dozi, na msiulize dawa za nini, akitaka atasema. Nyumba yenye mgonjwa wa kitandani inaweza kuwa na chakula kabisa, wanachokosa ni pampas za watu wazima, sabuni na mtu wa kukaa na mgonjwa masaa matatu ili binti yake akatafute hela.

Mkiondoka msiahidi chochote. Semeni tumekuja kuwajulia hali na tutarudi. Ahadi ya mlangoni ikikwama mnakuwa mmemuumiza mtu ambaye angeendelea na maisha yake bila ninyi.

Mkikuta mtoto anapigwa, ananyanyaswa au ameachwa peke yake, hiyo sio kazi ya jumuiya kusuluhisha kwa kikao cha familia. Ni 116 au afisa ustawi wa jamii, siku hiyo hiyo.

Mkirudi andikeni mistari mitano kwa kila kaya kabla hamjasahau. Mtajua mmetembelea vizuri mkiona vifurushi vimeanza kutofautiana. Kama kaya zote zimetoka na mahitaji yale yale hamkusikiliza, mlihesabu tu.

## Hatua ya 4: Pigeni hesabu kabla ya kuomba shilingi

Kwa chakula kikavu tumieni kipimo hiki kwa mtu mmoja kwa siku, ni cha kawaida kwenye misaada ya chakula: unga gramu 400, maharage au jamii yake gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Kinakaribia kalori 1,900 kati ya 2,100 ambazo hupigiwa hesabu kwa mtu wa wastani, zinazobaki watajazia na mboga.

Kaya ya watu 5 kwa wiki mbili inatoka hivi:

- Unga: 400 × 5 × 14 = kilo 28
- Maharage: 60 × 5 × 14 = kilo 4 na kidogo
- Mafuta: kilo 1.75, yaani kama lita 2
- Chumvi: pakiti moja ya nusu kilo
- Sabuni ya mche, hiyo ongezeni kila mara

Sasa mnaona ule mfuko wa kilo 5 za sembe unaogawiwa Pasaka ni siku mbili na nusu kwa kaya hiyo. Sio mbaya, ila tusijidanganye kwamba tumelisha familia.

Watoto wahesabuni kama watu wazima, kitakachozidi hakitupwi.

Chukueni bei za soko lenu za wiki hiyo. Tuseme kwenu kifurushi hicho kinakuja 75,000. Kaya 8, mara mbili kwa mwezi, ni 1,200,000. Kama jumuiya ina kaya 30 zinazochanga, kila moja itoe 40,000 kila mwezi, na hapo ndo mpango unakufa mwezi wa pili. Kaya 3 ni 450,000, sawa na 15,000 kwa kila kaya inayochanga. Mkitoa nusu ya kifurushi kwa kaya hizo 3 ni 225,000 kwa mwezi, yaani 7,500 kwa kila kaya inayochanga, inawezekana kabisa.

Najua kupunguza kaya inauma. Ila kaya 3 kwa miezi sita zinabadilika, kaya 30 kwa siku moja zinapiga picha tu. Zinazobaki zipelekeni kwa jumuiya jirani, kanda, parokia au Caritas ya jimbo (ofisi ya misaada ya Kanisa), na msaada usio wa pesa (kuchota maji, kumsindikiza mtu hospitali, kuziba bati) unaweza kuzifikia zote.

Hatua imekamilika mkiwa na karatasi moja yenye idadi ya kaya, miezi mingapi, na kiasi kwa mwezi. Kama haitoshi kwenye karatasi moja bado hamjaelewana.

## Hatua ya 5: Changisheni kwa kiasi, kwa muda, kwa kitu

"Ndugu waamini tuchangie wahitaji" haichangishi. Inayochangisha ni hii: tunahudumia kaya tatu kwa miezi sita, watu kumi na nne, tunahitaji 225,000 kila mwezi, hii hapa lipa namba ya parokia, mwisho tarehe tano. Mtu anajua mwisho wake uko wapi, na mwenye 2,000 anajua inaenda wapi.

Msisome majina ya waliotoa na viasi vyao. Watu wanapenda hiyo, harambee zetu zimejaa hiyo, lakini inamfukuza yule wa 500, na wa 500 kila mwezi ni wa thamani kuliko wa laki moja aliyekuja siku Askofu yupo.

Pesa taslimu ihesabiwe na watu wawili pale pale, iandikwe, iwekwe kwenye namba ya parokia siku hiyo. Kumbukeni makato ya kutoa kwenye bajeti, yanakula.

Kuhusu wanaoleta vitu: pokeeni vilivyo kwenye karatasi yenu, vingine kataeni kwa heshima. Nguo pokeeni tu kama mna jina, umri na saizi ya mtu anayezingoja. Sare za shule ndo nguo zenye maana kuliko zote, maana elimu bila ada ipo tangu 2016 lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi na mtoto anakaa nyumbani kwa ajili ya kiatu. Dawa zilizobaki kabatini kwa mtu msipokee hata kama hazijaisha muda. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga pia hapana, mama anayenyonyesha akianza kuchanganya maziwa ya msaada na maji ya kisima mtoto anaharisha, na kopo likiisha maziwa yake yameshapungua. Mama huyo mpeni yeye chakula. Kama kweli hawezi kunyonyesha, kliniki ndo wa kumwelekeza.

## Hatua ya 6: Nunueni na mtunze

Nunueni kwa jumla, soko la nafaka kama Tandale pale Dar, au muungane jumuiya tatu mnunue pamoja. Pimeni kwa mizani yenu mbele ya muuzaji, hasa mkiuziwa gunia la lumbesa, lile lililojazwa hadi juu ya mdomo, mana linaonekana mlima na ukilipima unashangaa.

Mahindi na karanga ziangalieni ukungu, harufu na unyevu. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haitoki kwa kupika wala kwa kuosha, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nafaka yenye punje zilizobadilika rangi irudisheni, msiseme masikini watachambua. Kitu ambacho hamwezi kupika kwenu hakiendi kwa mtu.

Dona ina lishe zaidi ila inaharibika mapema kuliko sembe kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo ikinunuliwa ipelekwe ndani ya wiki. Na msinunue ya miezi mitatu kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo, mtawalisha wadudu.

Risiti zote zinabandikwa kwenye kaunta buku ya pesa. Sokoni wengi hawatoi, basi andikeni karatasi, muuzaji asaini, namba yake ya simu iwepo.

## Hatua ya 7: Pelekeni nyumbani, msipange foleni

Foleni ya wahitaji nje ya kanisa ifuteni. Inadhalilisha, inaleta kusukumana, na wagonjwa hawawezi kuja.

Funga vifurushi stoo kwa kufuata namba za kaya, weka karatasi ndani yenye namba tu. Bajaji moja inabeba kaya tatu vizuri. Nendeni jioni wale wale wawili waliotembelea mara ya kwanza, mlango ule ule, salamu zile zile. Mtu anayepokea asaini au aweke dole gumba kwenye daftari, na mwelezeni ni kwa ajili ya wachangiaji kujua mzigo umefika, sio deni.

Mwambieni pia ratiba. "Mama, tutakuja tena baada ya wiki mbili, mpaka mwezi wa tisa." Akijua mwisho anapanga. Asipojua anakaa anasubiri.

Picha za watu hapana. Najua parokia inataka ripoti na vijana wanataka kuposti. Pigeni picha ya magunia stoo, ya mizani, ya risiti. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, sasa sisi mkono wa kushoto ndo umeshika simu. Mtoto wa darasa la tano hatakiwi kukutana na sura ya mama yake amebeba unga kwenye simu ya mwenzake.

Mmefanikiwa kama jirani wa nyumba ya pili hajui kilicholetwa.

## Hatua ya 8: Toeni hesabu

Kila mwezi, dakika tatu kwenye jumuiya: imeingia kiasi gani, imetoka kiasi gani, imebaki kiasi gani, kaya ngapi zimefikiwa. Bila majina. Daftari la pesa liwe mezani anayetaka aangalie. Basi.

Mwezi ambao hamkufikisha lengo semeni hivyo hivyo. Watu wanaacha kuchanga wakihisi wanafichwa, sio wakisikia pesa imepungua.

## Hatua ya 9: Rudini bila mfuko, mtafute njia ya kutokea

Kati ya kifurushi na kifurushi piteni siku moja mikono mitupu tena. Angalieni kama chakula kimefika jikoni. Kama kimeuzwa msikasirike kabla ya kuuliza, mara nyingi kimelipa dawa au kodi, na hiyo inawaambia kifurushi kijacho kiweje.

Mwezi wa pili anzeni kuunganisha kaya na vitu ambavyo ni haki yao tayari na hawajui:

- Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Shida huwa ni kitambulisho na barua ya mtaa. Mpelekeni, msimwelekeze.
- Mgonjwa aliyezuiwa na bili hospitali, mlango wa kwanza ni ofisi ya ustawi wa jamii iliyopo hospitalini hapo. Anzeni huko kabla ya kuchangisha, fedha zenu zitafanya kazi nyingine.
- Kaya masikini sana muulizeni mtendaji wa mtaa kuhusu TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya masikini, ni lini watapitia tena orodha.
- Mjane anayefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu, tafuteni msaidizi wa kisheria. Wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma ni bure. Kwa kweli kaya za aina hii mkizisaidia kubaki kwenye nyumba yao mmewaokoa na unga wa miaka kumi.

Mtaji wa biashara wengi mnakimbilia huo, kumpa mama 50,000 auze maandazi. Msimpe mtu mwenye njaa. Ataula mtaji, na atakuwa sahihi kuula, watoto wanalia usiku. Subirini chakula kikae sawa miezi mitatu minne, kisha muulizeni aliwahi kuuza nini zamani, mpeni vifaa au mzigo wa kuanzia, na mumuunganishe na kikoba cha jumuiya ili awe na watu wa kumuuliza mambo.

Ikifika miezi sita kaeni timu nzima mpitie kaya moja moja. Itoke, iendelee, au ibadilishiwe msaada? Wapo ambao hawatatoka, bibi wa miaka themanini anayelea wajukuu wawili hatapata kazi, huyo ni wenu hadi mwisho na bajeti ya kila mwaka ianze na yeye.

## Mkitaka kwenda makao ya watoto au hospitali

Pigeni simu kwanza. Makao ya watoto yanatakiwa yawe na leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo, na afisa ustawi wa jamii atawaambia yapi yamesajiliwa. Muulize mlezi mkuu anachokosa mwezi wa tatu na wa nane, maana Krismasi wanapokea soda na biskuti hadi watoto wanaumwa matumbo. Mara nyingi atasema ni bili ya maji, mkaa, pedi na nauli za wale wanaosoma mbali. Hivyo havipendezi kwenye picha, ndo maana vinakosekana. Msibebe watoto mapajani na kuahidi kurudi kama hamrudi.

Wodini ongeeni na nesi wa zamu kabla ya kufungua hotpoti, kuna wagonjwa hawatakiwi kula kitu kabisa siku hiyo kwa sababu ya upasuaji.

Na vijana wa VIWAWA wanaosema hawana hela ya kuchanga, waambieni wapige simu kituo cha Damu Salama kilicho karibu waombe timu ije parokiani Jumapili moja ili watu wachangie damu. Anayetoa damu awe na miaka 18 hadi 65, uzito kuanzia kilo 50, awe na afya njema, amekula na kunywa maji ya kutosha. Wanaume wanaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne, kwa hiyo wekeni tarehe ya mara ya pili kwenye kalenda ya parokia siku hiyo hiyo.